Kifuniko cha Mashine ya Vudembo

"Kinga ya ukutani haikingi mkono." Mmemsikia bibi yenu akiitamka asubuhi ya leo, alipokikuta chandarua kipya kimekunjwa kabatini kikiwasubiri wageni. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Methali haifunguki kwa kuulizwa maana. Hufunguka kwa kujulikana ilikotoka. Basi kaeni sawasawa, nanyi mtajua hii ilivyozaliwa.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kilichoitwa Vudembo. Watu wake walilima tangawizi, wakaikata vipande kwa visu vya jikoni na kuianika juani. Mwenyekiti wa kikundi chao alikuwa Kajiru Mgonja, aliyepata kuwa karani wa baraza. Alikuwa mtu wa sheria kwelikweli. Serikali ingemwambia apite kushoto, angepita kushoto hata kama nyumbani kwake kulikuwa kulia.

Siku hizo ilikwisha kutangazwa kwamba mashine yoyote isiuzwe sokoni kabla haijakaguliwa na kupigwa alama. Tangazo lilisema pia kwamba alama hiyo ionekane, isomeke, wala isifutike. Kajiru alilipokea kwa furaha, maana katika kijiji jirani mashine ya kununuliwa njiani ilikuwa imemvunja mtu mguu, na watu wa Vudembo walikuwa wameapa kwamba chuma kisichojulikana baba yake hakitaingia kwao. Sasa chuma kilikuwa na baba. Kajiru aliteremka mjini, akarudi na mashine ya kukatia tangawizi. Juu ya mdomo wake palifungwa kifuniko cha bati nene chenye upenyo mwembamba, na juu ya kifuniko hicho ndipo alama ya ukaguzi ilipochapwa kwa rangi ya buluu.

Kazi ya kuiendesha alipewa dada yake, Nakijwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, naye hakuwa na shamba, kwa kuwa shamba la marehemu mumewe lilirudi kwa shemeji zake. Mashine ndiyo ikawa shamba lake.

Haukupita muda mrefu Kajiru akaona jambo lililomsumbua. Utomvu wa tangawizi na udongo mwekundu vilikuwa vikiila ile rangi ya buluu, na kila Nakijwa alipopangusa kwa kitambaa kibichi, rangi ilizidi kufifia. Sheria ilisema alama isifutike, nayo ilikuwa ikifutika machoni pake. Akachukua spana, akakifungua kifuniko.

"Kaka, unakipeleka wapi?" Nakijwa akauliza.

"Ofisini. Kitu cha heshima hakikai penye matope. Wewe cheti chako cha ndoa ulikitundika jikoni?"

Nakijwa akacheka. "Jikoni? Kingekuwa moshi mtupu."

"Basi."

Kifuniko kikasafishwa kwa ndimu na jivu laini, kikatundikwa ukutani katika ofisi ya kikundi, mkabala na mlango, ili kila apitaye barabarani akione. Mke wa Kajiru alikifumia kitambaa cheupe cha kukizungushia. Wageni wakawa wakiingia, wakivua kofia, wakisoma ile alama na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

La ajabu ni kwamba tangu siku hiyo mashine ilifanya kazi upesi zaidi. Zamani kila kipande kilipitishwa kwenye ule upenyo; sasa Nakijwa alimimina viganja kwa viganja. Watu wakasema alama imefurahi kuheshimiwa. Kajiru hakuwa mtu wa kuamini mambo kama hayo, lakini hilo hakulikanusha.

Kisha ikafika siku ambayo tunguu moja la tangawizi lenye matawi lilikwama mdomoni mwa mashine. Nakijwa akalisukuma kwa kiganja, kama alivyokwisha kuzoea. Tunguu likateleza likaenda, na mkono nao ukaenda. Walipoizima mashine, ncha za vidole vyake viwili hazikuwapo.

Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi mkono umefungwa bandeji. Hapo ndipo akili ya Kajiru ilipoingia gizani. Aliketi ofisini peke yake akiitazama alama ukutani, akajiuliza aamini lipi. Alama ilisema: mashine hii ni salama. Mkono wa dada yake ulisema: si salama. Mashahidi wawili, kesi moja, nao wanapingana. Miaka yote ya ukarani barazani ilimfundisha kwamba mashahidi wakipingana, mmoja wao ni mwongo. Serikali isingesema uongo. Lakini Nakijwa naye, Kajiru mwenyewe ndiye aliyemlea mgongoni, na hakumjua kwa uongo wala kwa uzembe. Aliinuka, akaisogelea alama, akaisoma tena neno kwa neno, kana kwamba palikuwa na herufi aliyoiruka. Hapakuwa na herufi aliyoiruka.

Kikundi kikakutana. Kanuni yao ilisema kwamba mwanachama aliyeleta madhara kwa uzembe ataondolewa kazini na kupoteza fungu lake. Wa kwanza kusimama alikuwa Sempombe, mzee mwenye ulimi kama pilipili kichaa.

"Mimi naona jambo ni jepesi," akasema. "Mashine imekaguliwa. Nakijwa hajakaguliwa!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakikatiza, maana Nakijwa alikuwa ameketi pale pale, mkono wake mweupe kwa bandeji ukiwa mapajani.

"Cheka tu, baba Sempombe," akasema kwa utulivu. "Lakini nieleze. Siku ile nilifanya kama nilivyofanya siku zote. Jana mlinisifu kwa wepesi, leo mwaniita mzembe. Ni lipi?"

Sempombe akakohoa, akaketi. Wote wakamgeukia mwenyekiti. Kajiru akasimama. Alijua akisema dada yake ni mzembe, watoto wale watatu watalala njaa. Akisema alama ni ya uongo, hakuna mtu wa Vudembo atakayeamini tena sheria yoyote.

Wakati huo huo mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa mkaguzi, Bi. Skolastika, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kupandia milima. Hospitali ilikuwa imetoa taarifa ya mkono uliojeruhiwa na mashine, naye alitumwa kuichunguza. Mkutano wote ukamfuata hadi kwenye banda. Aliinama, akaizunguka mashine, akaizunguka tena, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Mwenyekiti, mashine hii haina alama."

Kajiru akashtuka. "Inayo, Bi. Mkaguzi."

"Sioni."

"Huwezi kuiona hapa. Iko ofisini, ukutani."

"Hicho kitakuwa cheti cha kikundi, mzee wangu. Mimi nauliza alama ya mashine."

"Nami nakujibu alama ya mashine!" Sauti ya Kajiru ikapanda. "Tumeitunza kuliko kijiji chochote. Hata nzi hatui juu yake."

"Alama inatunzwaje mbali na mashine?"

"Sasa itunzwe kwenye matope?"

Wakatazamana, kila mmoja akimwona mwenzake amepungukiwa akili kidogo. Mwisho Bi. Skolastika akasema, "Nipeleke." Walirudi ofisini. Aliposimama mbele ya ukuta na kukiona kile kifuniko katika kitambaa chake cheupe, alikitazama juu hadi chini. Sempombe akamnong'oneza jirani yake, "Umeona? Hata yeye hakuona kasoro."

Mkaguzi hakucheka, wala hakukemea. Alikivua kitambaa, akakikunja vizuri, akampa Kajiru. Kisha akakiteremsha kifuniko, akakibeba mwenyewe hadi kwenye banda, akakiweka juu ya mdomo wa mashine. Matundu yake yakakutana na matundu ya mashine.

"Mzee wangu," akasema, "weka mkono wako hapa. Mashine imezimwa, usiogope. Ufikishe kwenye visu."

Kajiru akajaribu kuingiza mkono katika ule upenyo. Vidole vikaishia kwenye bati. Akajaribu kwa upande, akajaribu kwa kiganja. Havikufika.

Bi. Skolastika akakiondoa kifuniko. "Sasa."

Mkono wake ukashuka bila kuzuiwa na kitu, na Kajiru akahisi makali baridi ya kisu chini ya vidole vyake. Hakuutoa haraka. Aliuacha pale, akimtazama dada yake.

"Tulipoikagua mashine hii," mkaguzi akasema, "tuliikagua ikiwa na kifuniko hiki. Alama ni neno tu la kusema kwamba kifuniko kipo na kinafaa. Isingekuwapo hata chembe ya rangi, kifuniko bado kingefanya kazi yake."

"Kwa hiyo alama haikusema uongo," Kajiru akasema polepole.

"Haikusema uongo."

"Wala mkono wa Nakijwa."

"Wala mkono wake."

Kajiru akautoa mkono wake, akawageukia wanachama. "Nilikuwa nikitafuta shahidi mwongo," akasema. "Mashahidi wote wawili wamesema kweli. Mkosaji ndiye hakimu. Kanuni yetu inasema aliyeleta madhara kwa uzembe aondoke kazini na fungu lake lipotee. Basi fungu langu apewe Nakijwa, na kiti hiki mkipe mtu mwingine."

Kajiru akaichukua spana, akakifunga kifuniko mahali pake, akikaza nati moja baada ya nyingine hadi mishipa ya mkono ikamtoka.

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa unyonge, "Na alama je? Si itafutika tena, wageni waje wasiione?"

Kajiru akababaika, maana hata sasa neno la sheria lilikuwa bado likimvuta: ionekane, isomeke, isifutike. Akamtazama mkaguzi, mkaguzi akamtazama Nakijwa.

Nakijwa akakisogelea kifuniko. Akaipitisha bandeji yake juu ya ile rangi ya buluu iliyofifia, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto asiye wake.

"Ikifutika, tutaomba nyingine," akasema. "Vidole vyangu nitaviomba kwa nani? Kaka, kinga ya ukutani haikingi mkono."