Bwana Aliyefuata Radi

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja kule milimani, kwenye mashamba ya chai, ambako mvua haina likizo. Msianze kuulizana ni nani. Nimemtunga mimi mwenyewe jana nikinyoosha shati, ingawa mkimtazama vizuri mtaona kama sura yake mnaijua.

Bwana huyu alipenda dhoruba. Sisemi alipenda mvua. Mvua kila mkulima anaipenda. Yeye alipenda ile tunayoikimbia mimi na wewe: radi, upepo wa kung'oa mabati, mvua ya mawe. Mnajua watu wa hali ya hewa wana ngazi zao za kututahadharisha. Kuna angalizo, kuna tahadhari, halafu kuna tahadhari kubwa. Likitolewa angalizo, bwana yule ananuna, anasema hayo ni manyunyu tu. Ikitolewa tahadhari kubwa, wenzake wanaingiza mbuzi ndani, yeye anatafuta petroli. Anavaa koti la mvua, anawasha pikipiki, anaelekea huko huko wingu linakotokea. Mnacheka, lakini kijiji kizima kilimtegemea. Kina mama walikuwa hawasikilizi redio tena. Wakiona pikipiki yake inapanda kilimani, wanaanua mahindi.

Akifika juu, kwenye mnara wa simu, anarekodi sauti na kuirusha kwenye magrupu. Na alikuwa na mtindo wake. Hasemi neno. Unasikia upepo, unasikia mvua inasogea, halafu ngurumo moja kubwa, na hapo hapo anakata. Watu wa grupu walisisimka mpaka wakarudia kusikiliza. Akishatuma anazima simu, kwa sababu pamoja na ujasiri wake wote, naye aliamini kwamba simu iliyowashwa inavuta radi.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mama huyu, alipokuwa binti, aliona radi ikimuua dada yake kwenye chai, wakichuma mstari mmoja. Tangu siku hiyo, anga likinguruma hata kwa mbali, anafunika kioo cha kabati kwa kitenge, anavua hereni, anapanda kitandani na kukunja miguu, anajifunika blanketi mpaka kichwani. Majirani walishamzoea. Hata chakula kiungulie jikoni, hatoki.

Hakuwahi kumkataza mumewe. Alimwomba jambo moja tu.

"Baba Lusajo, ukimaliza kurekodi, sema japo neno moja. Sema uko salama."

"Nikisema ninaharibu," mume akajibu. "Watu wanataka kusikia ngurumo, hawataki kunisikia mimi."

"Mimi nataka kukusikia wewe."

Mume akacheka, akasema atalifikiria. Hakulifikiria.

Basi ikaja siku. Tahadhari kubwa ilitolewa tangu asubuhi, na alasiri bwana yule alikuwa juu kilimani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu alichokiona kilikuwa kikubwa kweli, na sitaki tumcheke. Wingu lilisimama ng'ambo ya bonde. Chini jeusi, juu jeupe, na lile jeupe linapanda huku unaliona kwa macho, kama maziwa yanayofura sufuriani. Upepo ukatulia. Ndege wakanyamaza. Kisha umeme ukaanza kutembea ndani ya wingu. Hautoki nje, unawaka humo humo, mara huku, mara kule, kama mtu anayepita na taa chumba hadi chumba. Halafu mawe yakaanza kushuka upande wa pili. Aliyasikia kabla hayajamfikia, sauti moja ndefu inayokuja, na chai ya kijani ikawa inageuka nyeupe, shamba baada ya shamba, kuelekea aliposimama yeye.

Bwana yule akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue. Machozi yakamtoka, akasema, "Ee Mungu, wewe ni mkubwa." Ndugu zangu, alikosea? Hakukosea hata kidogo. Mimi ningekuwepo ningevua kofia na viatu pia.

Akarekodi. Ngurumo ikapiga karibu kuliko siku zote. Akakata, akatuma, akazima simu, akajibanza kwenye kibanda cha mlinzi wa mnara mpaka mawe yakapita. Kisha akashuka kwa barabara moyo umemjaa, anatamani kumsimulia mkewe.

Akafika nyumbani, mlango wazi. Kioo kimefunikwa, kitandani hakuna mtu. Akaita, kimya. Jirani akatokea kibarazani, akamwangalia kwanza kutoka kichwani mpaka miguuni kuhakikisha ni yeye. Ndipo akamweleza. Mkewe alikuwa ameisikiliza ile sauti, akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Akasema, leo ngurumo imepiga karibu mno, radi imempiga. Jirani alijaribu kumzuia, mama akamshinda nguvu. Ameshika njia ya mkato, katikati ya chai, anapanda kilimani kumtafuta.

Na wakati jirani anaeleza hayo, nyuma ya lile wingu la kwanza lilikuwa linakuja la pili.

Bwana yule hakuigusa pikipiki, maana njia ile haipitiki ila kwa miguu. Akakimbia, akaingia kwenye chai, na mvua ikamshukia na giza lake ingawa ulikuwa bado mchana. Safari hii hakuangalia juu. Uzuri wote ule aliouona muda mfupi uliopita haukuwepo tena. Kila umeme ulipowaka aliomba kitu kimoja tu, kwamba usimpate yule mama.

Kisha umeme ukawaka, akamwona. Yuko juu zaidi yake, amempa mgongo, amelowa, hana viatu, damu inamtiririka kichwani mawe yalipompiga. Ngurumo ikapiga. Mama akaanguka kifudifudi katikati ya mistari ya chai, ameziba masikio, anatetemeka mwili mzima. Ngurumo ikapita. Mama akainuka, akapanda. Ngurumo nyingine, akaanguka chini. Ikapita, akainuka, akapanda. Hakugeuka hata mara moja kuangalia njia ya kurudi.

Yule bwana aliyezunguka milima yote akitafuta cha kumshangaza alisimama pale, akashindwa kumwita. Alikuwa hajawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na kitu hicho alikuwa anakula nacho meza moja kila siku.

Akamkimbilia, akamfunika kwa koti lake, wakachuchumaa wameshikana mpaka wingu likaondoka.

"Mama Lusajo," akamuuliza, "wewe unaogopa radi. Umefikaje huku?"

Mama meno yalikuwa yanagongana.

"Naogopa," akasema. "Hata sasa hivi naogopa. Lakini nilidhani umeanguka, na uko peke yako."

Ndugu zangu, katika hao wawili, ni yupi aliyekuwa jasiri? Kijiji kizima kingemtaja mume. Lakini mume hakuwa anaogopa, na kupanda kilima bila hofu ni matembezi tu. Je, wewe ungemtaja nani?

Sisi tunapenda ukuu wa Mungu. Tunaimba habari za ngurumo zake mpaka mabati ya kanisa hili yanatikisika, na ni vizuri, tuendelee kuimba. Lakini Mungu angebaki huko juu akinguruma, tungefanyaje? Tungemshangaa, tungemsimulia kwa wenzetu, na tungeangamia vile vile. Kinachonitetemesha mimi ni kingine. Bwana wetu, usiku ule bustanini, aliogopa. Tusimpambe, aliogopa. Jasho lilimtoka, akaanguka kifudifudi, akaomba kama kuna njia nyingine basi ipatikane. Kisha akainuka. Na alipoinuka hakurudi alikotoka. Alipanda kilima.

Alikuwa anamfuata nani huko? Angalia pembeni yako, angalia upande wa pili, halafu jiangalie mwenyewe. Alikuwa anakufuata wewe uliyenyamaza siku nyingi, wewe usiyepatikana. Watu waliona kimya chako wakasema una majivuno. Yeye alikiona akajua umeanguka, na uko peke yako. Mimi nikilifikiria jambo hili, ndugu zangu, nakosa la kusema, na mnajua mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Sasa tusidanganyane. Humu ndani kuna mtu ana ndugu yake, au mzazi wake, au mtoto wake aliyemfukuza, na kila wiki ananiambia, mchungaji, nataka kwenda kumwona, lakini naogopa. Naogopa atakavyonipokea, naogopa atakalosema. Na mimi nimekuwa nikimjibu asiogope. Leo sitamjibu hivyo. Ogopa, ndugu yangu. Tetemeka kabisa. Halafu inuka uende.

Kwaya, naomba msiimbe kwanza. Huyo mtu ameshajijua, na mahali pa kwenda anapajua. Wazee wa kanisa, mfungulieni mlango.