Nani Aliyemzuia Mfaume?

Sogeeni. Mwenye mume asimtazame mumewe mpaka nimalize.

Masasi palikuwa na seremala, Mfaume, mtoto wa dereva wa lori asiyejua kuaga. Kila mji alioegesha, baba huyo aliacha mke na kitoto. Basi Mfaume alipopeleka posa kwa kina Somoe, mashangazi waliguna: mtoto wa nyoka ni nyoka. Somoe alimpenda, ila alikuwa anakwenda Mtwara kusomea uuguzi. Akasema jibu atalitoa akirudi.

Mfaume alikuwa na watu watatu, kila mmoja na chake. Mama yake, Bi Asumini, alikuwa na damu ya watulivu: baba yake huyo mama alifiwa na mke angali kijana, na hakuoa tena mpaka kaburini.

Baba wa kambo, Mzee Likwata, alikuwa na mfano. Tangu utotoni Mfaume alimwona akimchotea mkewe maji ya kuoga, majirani wakimcheka.

Na Somoe alikuwa na maneno. Kila Ijumaa alipiga simu, akamchekesha Mfaume mpaka mbavu zikamuuma.

Sasa, mjane mmoja mzuri, Saidati, akamwita Mfaume atengeneze kitanda. Alipofika, udi unafuka, pilau imepakuliwa, na kitanda hakina hata msumari uliolegea. Tusidanganyane, alitamani. Kisha akatoka mbio, akasahau msumeno. Mji mzima ulijua, maana Saidati mwenyewe alisimulia huku akicheka.

Somoe aliporudi, Bi Asumini akachinja jogoo. Kwao firigisi hupewa mwenye kustahili heshima, na haikatwi. Mama akasogeza bakuli lake: ni damu yake iliyomtoa kijana mle ndani kwa Saidati.

“Damu haichoti maji, mke wangu,” akasema Mzee Likwata. “Alichokiona kwangu ndicho alichokifanya.”

Somoe naye akakumbusha kwamba Mfaume mwenyewe alimwambia: pale mlangoni kwa mjane alisikia kicheko cha Somoe, kile cha kwenye simu.

Mfaume akawatazama mmoja mmoja. Watatu wanagombea kukimbia kwake, na msumeno hana.

“Na miguu iliyokimbia,” akauliza, “ilikuwa ya nani?”

Somoe akachukua upawa, akaichota firigisi. Alikuwa na hofu, na aliisema wazi. Kama ni damu, ya yule baba yake dereva nayo imo. Kama ni malezi, mzee hataishi milele. Kama ni kicheko, ipo siku watanuniana. Na kama ni Mfaume peke yake, basi itambidi aamue upya kila kukicha, na mkewe kazi yake kuamini tu.

“Nikijua ni nani,” akasema, “nitajibu posa.”

Upawa uko juu ya mabakuli. Haya, nyie hodari wa kuamua ya wenzenu: firigisi iende kwa nani? Na ungekuwa wewe ndiye Somoe, ungeolewa? Semeni basi, mchuzi unapoa.