Ndoo Sita za Paskazia

Wahenga hawakumdharau hata chawa. Walimtazama wakapata somo, kwamba kidole kimoja hakimvunji mpaka kipate mwenzake. Paskazia wa Urambo aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila aliamini iliwahusu watu wengine.

Alikuwa mjane na mfugaji hodari wa nyuki, mwenye kichwa kigumu kama mpingo. Binti yake Advera alipochumbiwa mjini Tabora, maneno yalimfikia kwamba upande wa bwana harusi wanasema nyumba yake haina watu. Yalimchoma moyo. Ndugu walipojitolea kumsindikiza, aliwakatalia.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Waone kama napungukiwa!"

Katika ukoo wao, bibi harusi haolewi mpaka mama amlambishe asali, na wageni wote waionje. Basi Paskazia alijaza ndoo sita za lita kumi kumi, akaenda stesheni.

Treni ya jioni ilifika alfajiri ya siku ya harusi yenyewe, tena imejaa pomoni. Kuku walikuwa chini ya viti, magunia njiani, na watu juu ya magunia. Paskazia alipenya kwa viwiko, akapata nafasi, akapakata ndoo moja, akaweka mbili kitini kando yake na tatu miguuni. Mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake Zabibu, alimsogelea.

"Shikamoo mama. Naomba nikae kidogo."

"Marahaba. Hapa pamekaa asali."

Selemani, Mzaramo mwuza mitumba aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja, aliangua kicheko. "Mtani wangu Mnyamwezi! Hata nyuki wako wana huruma kuliko wewe!"

Utani wa makabila hayo mawili ni wa tangu enzi za misafara, na haukasirikiwi. Paskazia alikasirika hata hivyo, akageukia dirisha.

Saa tatu asubuhi, mji ukiwa umekaribia, treni ilikohoa, ikasimama. Fundi alitangaza kwamba injini imekufa na nyingine ingekuja alasiri, Mungu akipenda. Abiria waliguna, wakacheka kicheko cha watu waliozoea, kisha wakashuka. Kwa miguu, kwa njia ya zamani ya misafara, Ipuli, mtaa wa Tabora ambako harusi ingefanyika, ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Ndoa ilikuwa saa sita.

Paskazia alizishusha ndoo zake moja moja. Akajitwika moja, akashika nyingine mkononi, akapiga hatua kumi na kugeuka. Nne zilikuwa zimebaki pale relini zikimtazama. Alirudi, akaketi juu ya mojawapo, akalia waziwazi. Moyoni alimwona Advera akisubiri ulimi mkavu, na wakwe wakinong'onezana kwamba walishasema, nyumba ile haina watu.

Zabibu alikuwa ametangulia. Aliposikia kilio alirudi, akajitwika ndoo, mtoto wake akichungulia mgongoni.

"Mama, inuka. Harusi haingoji injini."

"Nilikunyima kiti, mwanangu."

"Ulininyima. Twende."

Selemani naye alikuja, akainua ndoo huku akipiga kelele njia nzima isikie: "Jamani, njooni muone! Mzaramo kambebea mzigo Mnyamwezi! Mababu zake waliobeba pembe mpaka pwani watafufuka leo!"

Paskazia alicheka huku machozi yakimtiririka. Ndoo zilizobaki zilipata vichwa, na aliyechoka alipokewa na mwingine. Mtu akaanzisha wimbo wa wapagazi, safu nzima ikaitikia, na miguu ikafuata wimbo.

Waliingia Ipuli saa tano kasoro, watu zaidi ya arobaini, wamejaa vumbi na furaha. Advera alitoka mbio, akamkumbatia mama yake, akalamba asali kidoleni mwake kabla hata ya salamu. Mama mkwe alisimama mlangoni, mdomo wazi.

"Kumbe una ukoo mkubwa hivi?"

Paskazia aliwatazama Zabibu, Selemani na wengine waliokuwa wakijifuta jasho.

"Wote wangu," alijibu. "Na watakula hapa."

Kiti cha kwanza alichovuta alimpa Zabibu. Asali ililambwa mpaka ndoo ya sita, na mwenye ndoo aliwasimulia wakwe safari yote bila kuficha aibu yake, akimalizia kwa kuinua kidole chenye utamu: hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.