Tuyaone na Moto wa Jikoni

Mbwa wa kipupwe huitwa kwa moto, si kwa fimbo. Mmemsikia mjomba wenu akiisema leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko juu Uporoto, kipupwe kikiingia, umande hugeuka barafu juu ya majani ya viazi. Mzee Mwakalinga alikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Tuyaone, sikio moja limechanika. Kipupwe kimoja mzee alimfukuza jikoni. "Mbwa akizoea moto husahau kubweka," alisema.

Tuyaone akawa analala nje, kwenye udongo mbichi. Akaacha kutikisa mkia. Ukimwekea ugali, anaunusa tu, anageuza uso. Tupokigwe, mke wa Lwitiko mwana wa mzee, aliyaona hayo yakamuuma. Lakini atasemaje? Kwa desturi yao mke wa mwana hasemi na baba mkwe, wala hamtazami usoni.

Alasiri moja Lwitiko alipanda mlimani kuwafuata kondoo. Ukungu ukashuka, mzito kama maziwa, hata zizi lisionekane kutoka mlangoni. Kondoo wakarudi peke yao, manyoya yakichuruzika maji. Lwitiko hakurudi. Kule juu kuna makorongo, na mtu aliyelowa hafiki asubuhi kwa baridi ile.

Mzee aliita mpaka sauti ikakauka. Akashika fimbo. "Tuyaone! Inuka, mtafute bwana wako!" Mbwa akajikunyata. Fimbo ikatua. Akalia kidogo, asiinuke.

Jirani yao Gwakisa, aliyekuja na panga, akasema, "Mzee, huyo si mbwa tena, ni gunia la viazi. Twende wenyewe."

"Twende wapi? Hata miguu yangu siioni!"

Hapo Tupokigwe akajifunika kanga usoni, akampa mzee mgongo, akapiga magoti mbele ya mbwa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Wee Tuyaone, si mvivu wewe. Umeganda, na moyo wako umeganda. Nani hutumwa akiwa hivyo? Njoo jikoni."

"Makubwa!" Gwakisa akafoka. "Mume anakufa, yeye anampasha mbwa moto!"

Tupokigwe alisikia fimbo ikiinuliwa nyuma yake. Akaingoja mgongoni. Haikuja. Akambeba mbwa, akavuka naye kizingiti.

Akamsugua kwa gunia lililopata joto mafigani. Akamlambisha uji wa moto kiganjani. Nje mwanga ulikuwa unapungua, na Gwakisa anahesabu dakika mlangoni. Mbwa akatetemeka mwili mzima. Kisha sikio lile lililochanika likasimama. Tupokigwe akamnusisha shati la mumewe.

Tuyaone akatoka mbio. Wanaume wakafuata mbweko wake ndani ya ukungu, mpaka ukingo wa korongo. Chini kule Lwitiko alikuwa amelala, mguu umeteguka, midomo haina rangi, na mbwa amemlalia kifuani kumpa joto.

Wakambeba mpaka nyumbani, yu hai. Usiku ule mzee alitandika gunia kando ya mafiga kwa mikono yake mwenyewe. Akampa Tupokigwe mgongo, naye Tupokigwe akatazama ukutani, kama desturi itakavyo. Mzee akainama kwa mbwa.

"Tuyaone, mwambie aliyekuleta hapa kwamba mzee amesikia. Mbwa wa kipupwe huitwa kwa moto, si kwa fimbo."