Ng'ombe wa Msiba Ambao Haujatokea

Fundi cherehani mmoja, mtu wa mizaha sana, aliwahi kupimwa utumbo mpana kwa ile kamera inayopitishwa huko nyuma. Msicheke, akina mama, kila mmoja wenu anako huko nyuma! Daktari akakuta kinyama, akakitoa, akamwambia, "Baada ya miaka mitatu urudi. Kikiota kingine kikaachwa, kinaweza kugeuka saratani."

Miaka mitatu ikafika. Fundi akaenda na kadi yake ya bima, moyo mweupe kabisa. Binti wa dirishani akamwambia, "Baba, bima inalipia kuangalia tu. Tukikuta kinyama, kukikata ni juu yako, na maabara ni juu yako."

"Kwa hiyo mtakiangalia, mkiage?"

Akarudi nyumbani amenywea. Akasema, bora nisijue. Hiyo "bora nisijue", jamani, imetuzikia watu wangapi?

Jumapili akaenda kwenye kikao cha chama chao cha kuzikana, akaeleza shida yake. Mwenyekiti akafungua katiba. "Pole sana, fundi. Fedha zinatoka mwanachama akifariki. Ungekuwa umefariki, wala tusingekuwa na maneno mengi."

"Nikifariki mmeniandalia nini?"

"Aa, ondoa wasiwasi! Sanduku zuri, turubai, basi la kwenda makaburini, na ng'ombe mzima."

"Ng'ombe mzima! Na mimi mtaniwekea nyama?"

Watu wakavunjika mbavu. Mama mmoja, ndiye mpishi wa misiba yote ya mtaa, akasimama anafuta machozi ya kicheko. "Mwenyekiti, nimechoka kuwapikia watu wasiokuja kula. Fundi apewe ng'ombe wake leo!"

Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima. Fedha za ng'ombe zikatolewa, fundi akapimwa, vikakutwa vinyama viwili, vikakatwa, na maabara ikasema bado havijawa saratani. Siku aliyoleta majibu, mtaa ulirindima vigelegele! Akina mama wakatoa yale masufuria makubwa ya msiba, wakapika pilau, na fundi akala mpaka akalegeza mkanda.

Watu wakiwa wanacheza, mwenyekiti akamvuta pembeni. "Fundi, ile dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kupimwa, inanyweka?"

"Inanyweka. Kwani vipi?"

"Naona damu chooni tangu mwaka jana. Nilikuwa naona aibu kusema."

Fundi akamshika mkono. "Kesho asubuhi tunakwenda wote."

Sasa, wapendwa, ile katiba aliiandika nani? Si sisi? Mtu akifa, tunachanga hata hajapoa. Akiumwa, tunamwambia "pole, tunakuombea," halafu tunawahi nyumbani. Na aliyekuwa anailinda ile katiba ndiye aliyekuwa anakufa kimya kimya. Pengine yupo mwingine hapa, amekaa kwenye benchi lako, amevaa vizuri, anatabasamu.

Tukitoka leo kutakuwa na mchango pale mlangoni. Msiniulize nani amekufa. Hajafa mtu, na ndiyo maana tunachanga.