Nyumba Iliyoezekwa Nusu

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na nyumba moja. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya matofali, na ilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba siku za upepo chumvi iliganda kwenye nondo za madirisha. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga. Alipoona wanawe wanakua, alijenga ukuta katikati ili kila mmoja apate upande wake atakapooa. Lakini ukuta ule hakuufikisha juu. Aliukomesha pale paa lilipoanzia, akaacha uwazi chini ya bati. Alisema hewa ipite, na watu wa nyumba moja wasikiane wakikohoa.

Mkubwa aliitwa Mfaume. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na alikuwa mtu mwangalifu. Mdogo aliitwa Shaweji, fundi wa baiskeli. Siku baba yao alipozikwa, Shaweji alichelewa. Gari lilimharibikia njiani, akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Mfaume, koleo likiwa bado mkononi, akasema mbele ya watu, "Haya, mgeni wetu naye amefika. Mpeni kiti." Watu wawili watatu walicheka. Neno lilikuwa dogo, lakini lilisemwa juu ya kaburi. Mfaume alijua papo hapo kwamba amekosea. Aliahirisha kulirudisha hadi matanga yaishe, matanga yalipoisha akaahirisha tena, na kila alipoahirisha neno lilizidi kuwa zito kunyanyua. Shaweji aliziba mlango wake wa mbele kwa matofali, akatoboa mwingine nyuma. Wake zao waliendelea kuazimana vinu na chumvi. Watoto walicheza pamoja. Wao wawili hawakusemeshana.

Mama yao, Bi Somoe, miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, akawa mtu wa kitandani. Wanawe walimtunza kwa zamu, mwezi mmoja kwa mkubwa, mwezi mmoja kwa mdogo. Mwezi ukiandama, kitanda kilihama, naye akiwa juu yake. Na kilihama hivi: Mfaume na mkewe Mwanaidi walikibeba hadi kwenye kona ya nyumba, palipokuwa na pipa la maji ya mvua. Wakakitua hapo, wakarudi ndani, wakafunga mlango. Shaweji na mkewe walipousikia mlango umefungwa, ndipo walipotoka kukichukua. Mwezi uliofuata ilikuwa vivyo hivyo, kutoka upande ule kuja upande huu. Kwa njia hiyo ndugu wale hawakukutana hata mara moja. Na kwa njia hiyo mama yao, kila mwezi, alikaa kidogo peke yake chini ya anga, hayumo kwa huyu wala kwa yule.

Bi Somoe alikuwa mcheshi. Akiwa pale kwenye kona alipaza sauti, "Mzigo umefika stendi! Mwenye mzigo aje!" Wajukuu walicheka. Wanawe hawakucheka. Na popote alipopelekwa alikuwa na sharti moja tu, kwamba kitanda chake kiegemezwe kwenye ukuta wa katikati. Alitaka kusikia nyumba zote mbili.

Sasa, bati la nyumba ile lilikuwa limeliwa na chumvi, na mbao zilizolibeba zilikuwa zimeanza kuoza. Mwaka mmoja kimbunga kilipita kijiji cha jirani kikaacha nyumba nyingi wazi. Mfaume alikwenda kutazama. Aliona watu wamekaa ndani ya kuta nne wakipigwa jua, kama vitu vilivyosahaulika ndani ya boksi. Aliporudi hakungoja. Alimwita fundi kutoka mjini, mtu ambaye kazi yake ilikuwa mapaa tu, na jina lake lilikuwa Bakiri.

Fundi Bakiri alikuwa na desturi ya kukagua kabla ya kukubali kazi. Aliizunguka nyumba yote kwa nje, kisha akapanda ngazi akaingia chini ya bati, akachomachoma mbao kwa bisibisi. Aliposhuka, nywele zake zilikuwa na utando wa buibui.

"Bosi wangu," alimwambia Mfaume, "nyumba yako inaishia wapi?"

"Kwenye ukuta wa katikati. Ng'ambo ya pale si kwangu."

"Mimi huko juu sikuona ng'ambo. Nimeona paa moja. Ukuta wenu haukufika juu. Upepo ukipata tundu upande ule, tayari umeshaingia upande huu. Tufanye lote."

"Mimi nimekuita kwangu," Mfaume alisema.

Basi walifanya kwake. Na kazi ilikuwa nzuri, hilo lisemwe wazi. Waling'oa bati la zamani na kila mbao iliyooza. Waliweka mbao mpya, na kila mbao iliyobeba paa waliifunga kwa kanda za chuma, wakazishusha kanda zile hadi kwenye kuta na kuzikaza humo, ili upepo ukija kuvuta paa ukute limeshikamana na nyumba. Walizikaza kwenye ukuta wa mbele, ukuta wa nyuma, na ukuta wa katikati. Kisha wakaezeka bati jipya. Lilipofika juu ya ukuta wa katikati, walilikata. Upande mmoja ulimetameta. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya kutu. Wapita njia walisema nyumba ya marehemu imevaa kiatu kimoja.

Kanda zilibaki, boksi zima. Fundi Bakiri alilitikisa. "Hizi zinatosha upande wa pili," alisema. "Hata asipobadili bati, zile mbao zake zikifungwa zitashika. Ni kazi ya asubuhi moja, nami bado nipo hapa na vijana wangu."

Mfaume akageuka, akaanza kuokota misumari iliyoanguka. Fundi alipoona hivyo, alizunguka nyumba mwenyewe, akamkuta Shaweji amepindua baiskeli, anaziba pancha.

"Amekutuma?" Shaweji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Basi rudi mwenyewe, fundi. Mwenye kanda zake akitaka nifungiwe, njia anaijua. Si safari hiyo. Ni kuzunguka pipa la maji tu."

Fundi alirudi, akamweleza Mfaume neno kwa neno. Mfaume alilitazama lile pipa. Lilikuwa karibu sana. Angeweza kuvuta pumzi moja akafika. Lakini alijua kwamba akienda na boksi lile, hataanza kusema habari za kanda. Ataanza na kaburi. Itabidi aseme, nilikosea, na aseme hivyo amesimama, mikono imebeba kitu, mdogo wake ameketi chini anamtazama. Akalichukua boksi, akalisukuma chini ya kabati. "Akizihitaji atakuja," alisema. Naye fundi alikuwa na nyumba nyingine za kuezeka. Alifunga ngazi yake juu ya gari akaondoka.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mfaume alilala pakavu. Kupitia ule uwazi ulioachwa na baba yake alisikia matone yakianguka kwenye masufuria ya ndugu yake, tone baada ya tone. Alisikia pia mtoto wa ndugu yake akilalamika kwamba amelowa. Akavuta shuka akajifunika hadi masikioni.

Kisha redio ikatangaza kwamba kimbunga kinakuja. Watu waliombwa waimarishe nyumba zao na wakae ndani. Na jioni ile ile mwezi ukaandama.

Asubuhi yake upepo ulikuwa umekwisha anza kuikunja migomba. Mwanaidi alisimama kando ya kitanda cha mama mkwe wake, hakukishika.

"Baba Rukia," alisema, "mwache mama huku. Kule kunavuja. Hali hii ikipita tutampeleka."

"Zamu yangu imekwisha."

"Zamu! Leo nayo ni siku ya zamu?"

"Nikimzuia, mwenzangu atasema namnyang'anya mama. Itabidi nimpelekee neno."

"Si umpelekee!"

Mfaume alikwisha inama kushika mguu wa kitanda. Bi Somoe, aliyekuwa akisikia yote, aliwaambia tu, "Nibebeni. Msigombane mbele ya mzigo." Wakambeba hadi kwenye kona, wakamtua kando ya pipa, wakarudi, wakafunga mlango.

Mfaume alisimama nyuma ya mlango ule, mkono ukiwa kwenye komeo. Kwa kawaida, hapo ndipo mama yake aliposema mzaha wake. Safari hii alisikia upepo ukiipigapiga kanga yake kama bendera. Halafu akaisikia sauti yake, si ya mzaha.

"Wanangu, nyote wawili mnanisikia. Leo njooni pamoja mnibebe."

Nyumba nzima ilisikia. Mfaume alilivuta komeo nusu. Alingoja asikie kama mlango wa pili utafunguka, maana alisema moyoni, akitoka yeye nami nitatoka. Hakujua kwamba upande wa pili mdogo wake amesimama vivyo hivyo, mkono kwenye komeo, anangoja mlango wa mbele. Wakangojana. Mama yao alikaa pale, vumbi likimwingia machoni. Mwishowe tone la kwanza la mvua likaanguka, na Shaweji hakuweza kuvumilia, akatoka na mkewe mbio. Mfaume alizisikia hatua zao. Aliisikia pia pumzi ya mama yake, ndefu, kitanda kilipoinuliwa. Akalirudisha komeo mahali pake.

Kimbunga kilifika baada ya adhuhuri. Mfaume aliwakusanya watoto chini ya meza, akakaa akitazama juu. Paa lake halikuvuja popote. Hakuna msumari uliocheza. Akaanza hata kushukuru. Ndipo aliposikia upande wa pili sauti kama ya nguo nzito inayopasuliwa, na kupitia ule uwazi juu ya ukuta akaona mwanga wa mchana mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Bati la Shaweji lilikuwa limekwenda. Na upepo, baada ya kupata njia, ulipita juu ya ukuta wa katikati ukaingia kwake, ukajaa chini ya bati lake jipya, ukaanza kulisukuma kutoka ndani.

Kanda hazikukatika. Watu wa kijiji walikuja kuzitazama baadaye, na hawakuona hata moja iliyokatika. Zilishika kile zilichofungiwa, kama fundi alivyoahidi. Paa lote liliinuka kwa pamoja, na kwa kuwa lilikuwa limeshikamana na kuta, liliinuka nazo. Ukuta wa mbele ulipasuka ukasimama. Ukuta wa nyuma ulipasuka ukasimama. Ukuta wa katikati, ambao kwa upande mmoja ulikuwa umefungwa na kwa upande mwingine haukuwa na kitu cha kuuzuia, ulivutwa, ukayumba mara moja, ukaangukia kwa Shaweji. Nalo paa likaenda, vipande vya matofali vikiwa bado vimening'inia kwenye kanda.

Mkewe Shaweji na watoto walikuwa chumba cha mbali, wakapona. Shaweji alikuwa ameingia huko kupeleka blanketi. Bi Somoe alikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kama alivyotaka siku zote, ili asikie nyumba zote mbili.

Mfaume alichimba kutoka upande wake. Shaweji alichimba kutoka upande wake. Walichimba kwa mikono, mvua ikiwapiga, kila mmoja akitupa matofali nyuma yake, mpaka vidole vyao vikagusana juu ya ile kanga. Hapakuwa tena na kitu kati yao.

Walimbeba pamoja siku ya mazishi. Jeneza lilipofika kwenye kona ya nyumba, miguu ya Mfaume ilisita yenyewe, kwa mazoea, kana kwamba hapo ndipo pa kutua. Shaweji aliyekuwa nyuma yake hakusita. Wakapita.

Watu walipokwisha kutawanyika, Mfaume aliingia ndani ya nyumba isiyo na paa. Kabati lilikuwa limepinduka. Boksi la kanda lilikuwa pale pale, halijalowa sana. Akalibeba kwa mikono miwili, akatoka, akalizunguka pipa la maji. Ni kweli haikuwa safari. Alimkuta mdogo wake ameketi juu ya tofali, akalitua boksi mbele yake, kisha akafungua kinywa kusema lile neno alilolibeba tangu siku ya kaburi la baba yao. Shaweji alizitazama zile kanda zinazong'aa, zimepangwa vizuri, hata moja haijaguswa. Akainua macho.

"Ungelileta jana, kaka," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka tangu siku ile.

Ninyi mliokaa mkanisikiliza, mna nyumba zenu na mna kuta zenu. Kabla hamjaondoka, nijibuni swali la fundi: nyumba ya Mfaume iliishia wapi?