Mtambo Uliomjua Tembo

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na ofisi na mikutano kama sisi, palikuwa na Chama cha Huruma. Mwenyekiti alikuwa Tembo, na kazi ya chama ilikuwa moja tu: kuwagawia wenye njaa mtama wa msaada.

Mwanzoni ulikwenda ghalani, ukaeleza shida yako, ukapimiwa. Kisha Tembo akaleta mtambo kutoka ng'ambo. Sasa kila mwenye njaa akanyage kioo, mtambo umtambue, ndipo mlango wa ghala ufunguke wenyewe. Siku ya kuujaribu walikanyaga Tembo, Kiboko na Faru, wakubwa watupu. Ukalia pii! Wakapigiana makofi, wakaenda zao. Hakuna aliyekumbuka kumwita hata panya mmoja.

Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto, akaja akakanyaga. Kimya. Akarukaruka juu ya kioo, pu! pu! Kimya vilevile. Unyayo wake ulikuwa mdogo mno, mtambo haukuuona. Akaenda ofisini kulalamika, Tembo akamwambia ahudhurie semina.

"Semina hailiwi, Mwenyekiti. Mwanangu wa mwisho hawezi tena kusimama."

"Mtambo haukosei, mama. Wewe ndiye hujui kukanyaga."

Alitoka kwa hasira, na haki yake. Mtama unaoza ndani, watoto wanalia njaa nje, halafu mtu mzima anakufundisha kukanyaga!

Njiani akaona unyayo wa Tembo kwenye tope kavu. Akaujaza udongo wa mfinyanzi, akauacha juani ukauke, akaung'oa: mguu wa Tembo huo, kabisa! Wadogo wenzake wakamsaidia kuukokota hadi kwenye kioo. Pii! Mlango ukafunguka. Jioni ile mtoto wake wa mwisho alikunywa uji. Wakawa wanarudi kila siku, mpaka ghala likabaki tupu.

Wafadhili, wenye kutoa ule mtama, wakaja kukagua. Tembo, kifua mbele, akauamuru mtambo uwataje wote waliopewa mtama.

"Tembo," ukasema mtambo. "Tembo. Tembo. Tembo..."

Wafadhili wakamgeukia. Bi Nguchiro akauliza kwa upole, "Mwenyekiti, mtambo umekosea, au mtama wote umeula wewe?"

 Tembo akatazama kioo, akatazama mguu wake.

"Mtambo umekosea," akanong'ona.

Kioo kiling'olewa siku hiyohiyo. Ghala likajazwa upya, na Kanga akawekwa mlangoni kumsikiliza kila mwenye shida.

Yangu yameishia hapo, na neno lake ni hili: ukitaka kumsaidia mdogo, pima kwa mguu wake, si kwa wako.